Muulize Fundi: Raleigh ya babu na spea "zisizopatikana"

Swali: Asalaam aleikum ami fundi. Mie niko Wete, marehemu babu katuachia Raleigh yake, ile ya breki za vyuma na gia tatu, nnataka kuiamsha lakini kila fundi ninaempelekea ananambia spea zake zishakwisha, bora niitie vitu vya Kihindi. Pedeli zinacheza, tairi la nyuma limekufa, na nikitia gia ya tatu mara inashika mara nakanyaga hewa. Nianzie wapi?

Jibu: Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza usikubali mtu akate wala atoboe kitu. Spea zipo, ila watu wanaingia dukani wanauliza "una vitu vya Raleigh?" muuzaji anasema hakuna, basi wanarudi nyumbani. Uliza kwa kipimo, tena nenda na kile kibovu mkononi.

Tairi ndo jepesi. Soma ubavuni mwa lile la zamani, likiandikwa 28 x 1½ basi wewe unatafuta namba 635, ndo milimita za pale linapokaa kwenye ringi, na baskeli za Hero na Phoenix zinatumia hilohilo kwa hivyo si kitu adimu. Balaa ni kuwa siku hizi kuna tairi lengine nalo linaitwa 28 lakini ni 622, muuzaji atakuapia kuwa ni moja, na zile milimita 13 zilizopungua hata ulipake sabuni ndoo nzima halikai.

Pedeli sasa. Usikimbilie kufungua kati, pale ekseli ya pedeli inapozungukia ndani ya fremu, tazama kotapini kwanza, zile pini zinazobana mikono ya pedeli kwenye ekseli hiyo. Za Raleigh ni milimita 9.5, na zipo za 9 ambazo kwa macho huzijui, ukiitia inapita kwa raha zake na baada ya siku chache mchezo ule ule. Pini inaingizwa kwa nyundo, nati kazi yake ni kuizuia tu isirudi, na wakati wa kugonga sharti chini ya ule mkono wa pedeli pawe na kipande cha bomba kilichosimama sakafuni maana bila hivyo kila pigo linakwenda kuumiza gololi. Bapa za pini mbili zielekee kinyume, ukizitia sawa pedeli moja itakaa kombo.

Kama bado inacheza ndo ufungue, na hapa nakuomba unisikilize khasa kwa sababu hapa ndo fremu nyingi zinapofia. Vikombe vinavyokaa gololi, vinavyofungwa kwa meno ya skrubu kwenye fremu, kwa Raleigh zilotengenezwa Nottingham, Uingereza, vina meno 26 kwa inchi, vya Kihindi na vya karibu kila kiwanda chengine ni 24. Cha Kihindi kinaingia mzunguko mmoja, kinagoma, fundi anachukua spana ya bomba na kukilazimisha, basi meno ya fremu yashaliwa hayo. Vikombe vya babu vioshe kwa mafuta ya taa, kama havina mashimo virudishe vilevile, badilisha gololi tu, za robo inchi, 11 kila upande, grisi ya kutosha. Gololi hazina ukabila, zozote za kipimo hicho zinafaa.

Gia naona haijafa. Kama habu ya nyuma, ile yenye gia ndani, ni Sturmey-Archer ya aina ya AW, kati ya gia ya pili na ya tatu pana pahala hapana gia kabisa, waya ukikaa vibaya unaangukia humo. Tia ya pili, chungulia kwenye kitundu cha ile nati ndefu upande wa kulia, kile kijiti kinachoshikana na kicheni kiwe sawasawa na ncha ya ekseli, kama sivyo zungusha pale pa kurekebishia waya. Halafu tia mafuta mepesi ya mashine kwenye kile kitundu cha habu. Mafuta ya nazi hapana! Najua wazee walikuwa wanatia, ndo maana ukifungua unakuta gundi. Na hata ikiwa kweli imekufa, kampuni hiyo ya Sturmey-Archer ilinunuliwa na SunRace ya Taiwan mwaka 2000 na mpaka leo wanatengeneza habu za gia tatu, na Uingereza zile kongwe zimejaa, kama una jamaa huko mwambie akutilie kwenye begi. Hesabu spoki kwanza ili habu ilingane na ringi yako, nyuma mara nyingi ni 40.

Swali: Fundi, mie ni mama wa Mwanakwerekwe, nnayo Raleigh ya kike ya 26, nimeuziwa tairi la 26 la mauntini baiki haliingii. Nimeibiwa?

Jibu: Hukuibiwa bibi, umeuziwa 559 na yako ni 590, ile iloandikwa 26 x 1⅜. Nenda wanakouza baskeli za mtumba za Kijapani, nyingi zinavaa hiyohiyo. Na asikushawishi mtu ubadilishe gurudumu zima la mauntini ili lile tairi lisipotee, kama breki zako ni za vyuma zinabana ringi kwa ndani, kwa ile ringi ya mauntini hazitopata pa kushika. Tairi lirudishe dukani na risiti.