Jua la Alasiri, Ukuta wa Mlimani na Jiwe la Sebuleni: Majibu kwa Wasomaji wa Mwanza

Kuanzia toleo hili, kurasa zetu za mapambo ya nyumba zimepangwa upya. Zamani tulitanguliza picha za rangi na fenicha, kisha tukamwachia msomaji kazi ya kuzilinganisha na nyumba yake. Sasa tunatanguliza barua zenu, kwa kuwa ndizo zinazotueleza jua linapiga upande gani, maji ya mvua yanapita wapi, na kama mpangaji ameruhusiwa kutoboa ukuta. Barua za leo zote zimetoka Mwanza.

*Ndugu Mhariri, nakusalimu. Dirisha kubwa la sebule yangu linatazama ziwa, upande wa magharibi. Nilipaka kuta zote rangi nyeupe ya mafuta na kutundika mapazia mekundu. Kuanzia saa 9 alasiri macho yanauma, joto halivumiliki, na mapazia yamepauka kabla ya mwaka kwisha. Nilisoma kwamba dirisha lenye jua kali ni la kusini, hivyo sikulitarajia hili. – Mama wa watatu, Nyegezi*

Mama wa watatu, ulichosoma ni kweli, ila ni kweli ya Ulaya, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini wa anga. Mwanza iko takribani nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza karibu na mashariki kamili, hupita karibu na utosi, na huzama karibu na magharibi kamili. Kuta za kaskazini na kusini hupata nafuu. Ukuta wa magharibi ndio unaobeba mzigo wa alasiri. Kwako wewe kuna na ziwa, ambalo hurudisha mwanga uleule kutoka chini, na rangi inayong'aa ikaupokea na kuusambaza sebule nzima.

Anzia nje ya nyumba. Upenu hausaidii sana kwa jua lililokwisha kuinama, kwa hiyo unahitaji kivuli kinachoshuka: pazia la matete au mianzi, linalokunjwa kwa kamba na kuning'inizwa kwenye ukingo wa baraza au nje ya dirisha. Joto likishapita kwenye kioo, pazia la ndani linazuia mwanga tu. Nyuma ya matete hayo acha dirisha wazi, kwa sababu mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji na upepo huvuma kutoka ziwani, na fungua dirisha jingine la upande wa pili ili upepo huo upate pa kutokea.

Ndipo uje kwenye rangi. Weupe hauna kosa. Kosa ni kung'aa. Paka rangi ya maji isiyong'aa, ya maziwa au ya udongo mwepesi, lakini ukuta wenye dirisha lenyewe uwe mweupe kuliko kuta zote, maana ukuta wa giza kando ya dirisha lenye mwanga mkali ndio unaochosha macho. Mapazia yashonee bitana nene nyeupe upande wa kioo, na wekundu unaoupenda uhamishie kwenye foronya za mito ya sofa, mbali na jua.

*Mhariri, nyumba yetu iko mlimani na ukuta wa nyuma umekaribiana na mwamba. Kila masika rangi ya chini inatoa malengelenge na unga mweupe. Fundi amepaka mara tatu, na mara ya mwisho ametumia rangi ya mafuta akisema itaziba maji. – Mzee wa Isamilo*

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako imenisikitisha, kwa sababu umelipa mara tatu kwa kazi ambayo haikuwa ya fundi rangi. Mwamba wa granaiti haunywi maji. Mvua yote inayoupiga huteremka na kutuama kwenye udongo mdogo ulio kati yake na nyumba yako, kisha tofali na lipu huyafyonza polepole pamoja na chumvi zilizomo. Maji yanapotafuta njia ya kukauka kwa ndani, chumvi hubaki, na huo ndio unga unaouona. Rangi ya mafuta inayafungia maji ndani ya ukuta, nayo husukumwa mpaka ibanduke.

Fedha ya debe la nne ipeleke kwenye mfereji. Ondoa udongo uliorundikana nyuma, chimba mfereji ambao sakafu yake iko chini kuliko sakafu ya nyumba, na uuelekeze uzunguke mpaka maji yapate mteremko. Kwa ndani, bandua rangi na lipu iliyolegea mpaka juu kidogo ya alama ya unyevu, na sugua chumvi kwa brashi kavu. Ukiiosha itayeyuka na kurudi ukutani. Kisha uache ukuta upumue katika kiangazi cha Juni hadi Agosti. Najua ni vigumu kuishi na ukuta ulio wazi kwa miezi mitatu, lakini sijui njia ya mkato ninayoweza kukushauri kwa moyo mweupe. Ukipiga lipu mpya, subiri takribani siku 28 kabla ya kupaka, kwani ukali wa saruji mbichi huharibu rangi. Malizia kwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka, na kabati lisiguse ukuta huo.

*Napanga Kirumba. Vijidudu vya ziwani vikija usiku vinajaza dari na kuta, na mwenye nyumba hataki rangi wala misumari. Nitapendezeshaje chumba? – Mpangaji*

Tumia balbu ya mwanga wa manjano, kwani ule mweupe wenye ubuluu huwavuta wadudu zaidi, na wavu wa dirisha usiwe na matundu makubwa. Waliokufa wafagie wakiwa wakavu. Ukiwafuta kwa kitambaa kibichi wanaacha madoa. Mapambo yako yawe ya sakafuni: mkeka wa ukindu, kigoda, na vikapu. Mafundi wa Kisumu husuka vikapu na hata viti kwa mashina makavu ya gugumaji lililovamia ziwa letu, na ukivipata, viweke pakavu visiote ukungu.

*Fundi alishindwa kulivunja jiwe, likabaki limejitokeza kwenye pembe ya sebule. Nilifunike kwa jipsamu au nilipake rangi? – Msomaji, Bugando*

Tafadhali usifanye lolote kati ya hayo. Watu husafiri kuja kulipiga picha Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani hapa Mwanza, na wewe umejaliwa la kwako ndani ya nyumba. Lisugue kwa brashi na maji ya sabuni, liache na rangi yake ya kijivu, na weka taa ndogo sakafuni inayomulika kwenda juu ili mikunjo yake ionekane usiku. Kabla hujapanga viti karibu nalo, lichunguze mvua zikianza: likiwa na unyevu kila mara chini, soma tena jibu la Mzee wa Isamilo, kwa kuwa maji hayo nayo yanatoka mlimani.