Barua kwa mwanangu: jicho la wavu lipo au halipo?

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili: kwanza mwaloni Kirumba, pale soko la samaki la Mwanza, makuli wakinipigia kelele nisogee, kisha usiku hapa nyumbani Igombe. Unasema kwenye darasa la falsafa mliulizwa vyote vilivyopo vinagawanyika mafungu mangapi ya msingi, nawe ukajibu manne: mtu, kitu, mahali na namna. Wenzako wakacheka, wakasema hizo ni ngeli za mwalimu wa Kiswahili. Sasa unaniuliza kama ni mimi niliyekupotosha.

Huenda ni mimi. Lakini umepotea na watu wazima. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alitoa kitabu mwaka 1956, kwa Kifaransa, akisema hivyo hivyo kuhusu Kinyarwanda. Alipanga vilivyopo mafungu manne: umuntu, chenye akili; ikintu, kisicho na akili, kuanzia jiwe mpaka ng'ombe; ahantu, mahali pamoja na wakati; na ukuntu, namna kitu kilivyo. Shina ni lile lile moja, -ntu, kinachobadilika ni kiambishi. Nilipoyasikia hayo chuoni nilifurahi kama mtoto. Kumbe bibi yako akisema munhu na hanhu kwa Kisukuma chake alikuwa anafanya falsafa, nasi tukidhani anatafuta kuku!

Furaha ikapungua nilipoanza kufundisha. Kwetu tunasema "mtu ameondoka" na "sangara ameoza". Sarufi inamkalisha sangara benchi moja na binadamu, wakati Kagame angemweka na mawe. Mahali napo, neno lenyewe ni la Kiarabu, limekuja na majahazi, lakini linatawala ngeli ya PA kama limezaliwa nayo hapa. Halafu kuna dagaa. Miaka mingi nilikuwa nikisahihisha kwa wino mwekundu "dagaa hizi" kuwa "dagaa hawa". Nilipostaafu nikaanza kuuza kwa sado, siku ya tatu nikajisikia namwambia mteja, "dagaa hizi kavu, hazina mchanga." Usiwaambie wanafunzi wangu. Je, dagaa akikauka anahama fungu la vilivyopo? Hahami. Kilichohama ni mdomo wangu.

Hata hivyo, wanaocheka ngeli zako wamcheke na Mgiriki. Aristotle alitaja mafungu kumi: kitu chenyewe, kiasi, sifa, uhusiano, mahali, wakati, mkao, kuwa na kitu, kutenda, kutendwa. Mwaka 1958 Mfaransa Émile Benveniste, mtaalamu wa lugha, aliandika kwamba orodha hiyo ni sarufi ya Kigiriki iliyovishwa joho. Nadhani amezidisha kidogo, ila shtaka linamfaa Aristotle kama linavyomfaa Kagame.

Kwa hiyo swali la "mangapi?" mimi nililiacha. Ninalolishika, na hili nimelipata katika kile kitabu chako ulichokisahau hapa Krismasi, ni hili: nini kinaegemea nini?

Chukua sangara mmoja aliyetoka majini sasa hivi. Anang'aa. Ule mng'ao ni wake. Hata wa pembeni yake aking'aa vile vile, huo ni mng'ao mwingine. Ifikapo jioni mng'ao umefifia na wanunuzi wanakunja pua, lakini samaki bado yupo mezani. Kinyume chake hakiwezekani: huwezi kumwondoa samaki ukabaki na mng'ao wake. Basi mng'ao unaegemea samaki, na samaki haegemei mng'ao. E. J. Lowe, mwanafalsafa wa Durham, Uingereza, alijenga juu ya hoja za namna hii katika kitabu chake cha 2006. Naye ana mafungu manne, ila si yale yako: vitu vyenyewe, kama samaki huyu; aina, kama usangara; sifa kwa ujumla, kama kung'aa; na sifa iliyokaa ndani ya kitu kimoja, kama mng'ao huu.

Fungu la aina ndilo lililonisumbua, kwa sababu ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Ulipokuwa mdogo babu yako alikuwa akikutajia furu wa kila rangi, nawe ukidhani anatunga. Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu wa aina nyingi, inakadiriwa mamia, walikuwa hawaonekani tena. Sasa niambie: aina ambayo haina hata samaki mmoja aliyebaki, bado ipo? Wanaomfuata Plato, mwalimu wa Aristotle, watakwambia ipo, haihitaji samaki ndipo iwepo. Lowe anasema aina huegemea wanaoibeba; si huyu wala yule, lakini lazima awepo mmoja. Mimi niko na Lowe, na inaniuma kidogo kuwa naye.

Wapo pia wanaotaka fungu moja tu. D. C. Williams, mwanafalsafa Mmarekani, aliandika mwaka 1953 kwamba ulimwengu mzima umejengwa kwa sifa moja moja: mng'ao huu, uzito huu, ubaridi huu, zikikaa pamoja ndiyo tunaita samaki. Mimi nimepaa samaki tangu nikiwa na miaka saba na mkono wangu unakataa. Najua mkono si hoja. Kajibu wewe uliyelipiwa ada.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie barua badala ya kukujibu kwa simu. Unakumbuka baba yako alivyonyang'anywa wavu kwa ajili ya macho madogo, yale matundu kati ya uzi na uzi? Kosa lilikuwa lake, tuliache. Lakini fikiri lile zoezi lenyewe. Ofisa alikuja na rula, akapima jicho. Uzi hakuwa na shida nao. Alichopima, akakiandika na kukitoza faini, ni pale ambapo uzi haupo! Kitu kinachopimika kwa rula utasemaje hakipo? Na kama kipo, kimetengenezwa kwa nini?

Mwanafalsafa David Lewis na mkewe Stephanie waliandika mwaka 1970 mazungumzo ya watu wawili wanaobishana juu ya matundu. Mmoja, asiyekubali chochote ila maada, anajitetea hivi: tundu ni ule ukingo wake. Basi jicho la wavu ni uzi unaolizunguka, na ofisa alipima uzi. Nilimsomea baba yako. Akachukua kisu, akakata uzi mmoja katikati ya macho mawili, macho yakawa moja kubwa. "Uzi umepungua," akasema, "jicho limeongezeka. Itakuwaje viwe kitu kimoja?" Huyu ni mtu aliyeishia darasa la saba. Nikamwambia huenda mwenzetu yule wa maada ataponyoka, kwa kuwa ukingo wa jicho jipya ni mrefu kuliko wa kila jicho la zamani. Akanitazama kama nimeharibu wavu mimi.

Wanafalsafa Roberto Casati na Achille Varzi, katika kitabu chao cha 1994, wanachukua njia nyingine: tundu lipo kweli, ila halina maada, na haliwezi kukaa peke yake bila mwenyeji wa kulibeba. Umeona? Ni kuegemea tena. Jicho linaegemea wavu kama mng'ao unavyoegemea sangara, tofauti ni kwamba mng'ao ni namna samaki alivyo, na jicho ni namna ya wavu kutokuwepo pale. Lowe hajanipa kisanduku cha kuliweka hilo nikaridhika. Wala cha giza, ambalo wavuvi wa dagaa hulingojea mwezi ukiwa mkubwa, mitumbwi imelala mchangani.

Leo asubuhi baba yako alikuwa anaziba mtumbwi kwa pamba, pale msumari ulipoliwa na kutu ukaacha tundu. Alipomaliza akaniuliza, lile tundu limekufa au limejaa? Casati na Varzi wanasema tundu likijazwa bado ni tundu. Yeye amekataa katakata, na usiku huu anaingia ziwani na mtumbwi huo huo. Muulize mwalimu wako, kisha mpigie baba yako mwenyewe, mimi simwambii.

Dagaa wako nimempa dereva wa basi la Jumatano. Nimekuwekea sado mbili.

Mama yako,
Igombe