Kwenda makumbusho na mtu asiyeona: chumba cha Wamaya

Mama mdogo wangu haoni tangu utotoni, na hakuna ninayependa kwenda naye makumbusho kama yeye. Watu huniuliza anafaidi nini. Huwa nawajibu kwa vilemba vya wafalme wa Wamaya, wale wa Mexico na Guatemala: hata wewe mwenye macho huvioni. Manyoya ya ndege aitwaye quetzal yalishaoza, na utepe wa karatasi ya magome ya mti uliofungwa kwenye paji la mfalme umeoza pia. Vilivyobaki ni vito vya jade, lile jiwe gumu la kijani, na picha zilizochongwa kwenye mawe au kuchorwa kutani na kwenye vyungu. Kilemba kizima kila mtu anajijengea akilini, kwa hiyo aliyesimuliwa vizuri hajaachwa nyuma.

Kazi iko kwenye kusimulia. Chukua lile jiwe la Yaxchilan, mji wa kale wa Wamaya, lililoko British Museum, London. Lilikuwa linta, yaani jiwe linalolazwa juu ya mlango, na tarehe iliyochongwa juu yake ni ya mwaka 709. Usianze na mapambo, anza na nani yuko wapi. Mfalme Itzamnaaj Bahlam amesimama kushoto, kashika mwenge mrefu. Mkewe, K'abal Xook, amepiga magoti mbele yake, anapitisha kamba ya miiba kwenye ulimi. Hapo ndipo unapopanda kwenye kichwa cha mfalme.

"Manyoya yanatokea mbele au nyuma?" mama mdogo aliniuliza.

"Nyuma. Mbele, juu ya paji, amefungiwa kichwa cha mtu kilichokaushwa. Cha mtu aliyetolewa kafara."

"Astaghfirullah!" Kisha akataka nirudie pole pole, tangu kwenye paji.

Maswali yake yananilazimisha kutazama. Peke yangu ningepita.

Vipimo vimpe kwa mwili wake. Manyoya ya mkia wa quetzal dume hufikia karibu mita moja, basi mnyooshee mkono tangu begani hadi ncha za vidole, umwambie yanazidi hapo. Mimi hubeba nyoya la mkia wa jogoo ili ajue yanavyopinda, na ushanga wa jade ausikie ulivyo mzito na wa baridi kiganjani. Wamaya waliipata jade yao bonde la Motagua, Guatemala. Ndiyo waliyomzika nayo Pakal, mfalme wa Palenque aliyefariki mwaka 683: barakoa, mikufu, pete, na vito vya kichwani. Kaburi lake lilifunguliwa mwaka 1952.

Kabla ya kwenda, piga simu. Ukiuliza kama wanapokea watu wenye ulemavu, kila mahali watakwambia ndiyo. Uliza kipi kinaguswa na siku gani, kama kuna nakala za plasta za kushika, na kama msindikizaji analipa. Mwenye kiti mwendo aulize pia maandishi yamewekwa urefu gani, maana lifti inaweza kuwepo na bado ukasomewa kila kitu na wengine.

Kuna mahali mhudumu alinigeukia mimi akauliza, "Anataka kuona nini?" huku mama mdogo kasimama hapo hapo. Ikikutokea, usijibu. Nyamaza tu, mwenyewe atajibu.