Jenomu zikifanana, mwenye bucha ndiye mkosaji?

SWALI: Daktari, mimi ni afisa afya. Kinyesi cha mgonjwa na nyama ya bucha aliyonunua vyote vimeonyesha Salmonella. Maabara inasema haitoshi, tusome jenomu nzima, yaani DNA yote ya bakteria. Kwa nini? Na zikifanana, ninaweza kuifunga bucha hiyo?

JIBU: Ndugu afisa, maabara imekushauri vizuri. Bakteria Salmonella ana serotipu (aina ndogondogo) zaidi ya 2,500, kwa hiyo kumkuta pande zote mbili ni sawa na kukuta akina Juma wawili: jina ni moja, undugu bado haujajulikana.

Kwenye sahani ya ageri, yaani chakula cha kuoteshea bakteria, tunagusa koloni moja (kundi la bakteria wa mzazi mmoja), dogo kama kichwa cha pini, tunaliotesha upya na kutoa DNA yake. Mashine husoma herufi zipatazo milioni 4.8, kisha kompyuta inahesabu bakteria wa mgonjwa na wa nyama wanapotofautiana. Bakteria anapojigawa hukosea kunakili herufi mojamoja, na makosa hayo hurithiwa. Tofauti zikiwa chache mno, basi mzazi wao ni wa juzijuzi.

Afrika Kusini iliona faida yake katika mlipuko wa Listeria, bakteria mwingine wa kwenye chakula, wa 2017 na 2018, uliougua watu zaidi ya 1,000 na kuua zaidi ya 200, wakiwamo vichanga wengi. Inaniuma kila ninapoukumbuka. Listeria anaweza kukaa mwilini hadi siku 70 kabla mtu hajaugua. Mama gani atakumbuka alichokula miezi miwili nyuma? Januari 2018 watoto wa kituo kimoja cha malezi Soweto waliugua, na wachunguzi wakachukua soseji aina ya polony kutoka kwenye friji ya kituo. Bakteria wa soseji hiyo walikuwa wa aina iitwayo ST6, ileile iliyokuwa imeonekana kwa takriban wagonjwa tisa katika kila kumi ambao bakteria wao walisomwa jenomu nchini. Walipoingia kwenye kiwanda cha soseji hiyo, mjini Polokwane, wakamkuta huyohuyo, na tarehe 4 Machi Waziri wa Afya Aaron Motsoaledi akawatangazia wananchi chanzo hicho.

Lakini angalia: jenomu haikuwapeleka kwenye ile friji. Waliowapeleka ni madaktari na maafisa kama wewe, waliouliza watoto wamekula nini.

Ndiyo maana nasema usiifunge bucha kwa jenomu peke yake. Jenomu inaonyesha undugu. Haisemi nani kamwambukiza nani. Huenda nyama ilifika imeshachafuka kutoka machinjioni, na bucha nyingine tano zinauza ileile. Chukua sampuli kwenye gogo la kukatia, visu, na bucha zinazopokea nyama kutoka machinjio hayo. Mhoji mgonjwa leo: Salmonella kwa kawaida huonyesha dalili kati ya saa 6 na siku 6, kumbukumbu ingali mbichi.

Na tafadhali, iombe maabara isitupe bakteria hao, iwagandishe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Mgonjwa mwingine akitokea mwezi ujao, tutahitaji kumlinganisha nao.