Ulizia mbwa kabla ya kuanza filamu

Dada wa Nkuhungu, umeuliza utazameje filamu bila kuumia moyo mbwa akipigwa. Kwanza, kuumia huko si udhaifu hata kidogo. Ingia tovuti ya Does the Dog Die, andika jina la filamu. Watazamaji wameshaeleza kama mbwa anaumizwa au anakufa. Kwenye kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, huwezi kuruka kipande, kwa hiyo tazama nyumbani, rimoti mkononi, na uzime sauti mapema. Mlio ndio unaochoma kuliko picha! Mbwa wangu akiusikia kwenye runinga husimamisha masikio, akazunguka sebule nzima akimtafuta mwenzake. Filamu za zamani sana ziogope zaidi, maana katika baadhi yake wanyama waliumizwa kweli wakati wa kurekodi.