Ulaya kwa begi la mgongoni: anza na viza, miji baadaye

Kila nikiulizwa namna ya kuzunguka Ulaya kwa hela kidogo, swali huwa ni la miji: nianzie Paris au Roma, Amsterdam niipitie au niiache? Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, hapo si pa kuanzia. Anza na viza, maana ndiyo itakayokuamulia usiku mwingi ulale nchi gani, na kwenye kulala ndiko hela ya safari hii inakoishia.

Utaratibu uko hivi. Viza ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida kwenye mipaka kati yao, inakufungulia nchi 29, lakini maombi unayapeleka kwa nchi utakayokaa siku nyingi kuliko nyingine. Siku zikilingana, unapeleka kwa ile utakayoingia kwanza. Sasa miji yenye nafuu iko mashariki, kina Kraków na Budapest, ilhali wengi wetu tunaishia kuombea viza Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi au Italia, nchi ambazo kitanda tu kinakutoa jasho. Wapo wanaotatua hilo kwa kuandika ratiba ya uongo, kisha viza ikitoka wanafuta hoteli zote na kwenda kwingine. Mimi siwashauri kabisa. Afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza unalala wapi, na viza inaweza kufutwa palepale.

Njia ninayoipenda ni kuchukua nchi ghali ukaishi kwenye pembe zake za bei poa. Italia si lazima iwe Venice. Napoli na Palermo unakula vizuri bila kuumia. Ujerumani si lazima iwe Munich. Leipzig na Dresden vitanda vya hosteli ni afadhali sana, na kutoka Dresden hadi Prague ni mwendo wa saa mbili na ushee kwa treni. Kwa hiyo usiku mwingi unalala Ujerumani, nchi iliyokupa viza, halafu unachungulia Czech au Poland siku chache. Ubalozi hauna neno, na mfuko unapumua.

Ujerumani ina jambo jingine linalonifanya niipigie debe: Deutschlandticket. Ni tiketi ya mwezi mmoja inayokupandisha treni zote za mikoani, mabasi ya mjini, tramu na treni za chini ya ardhi, nchi nzima. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, mwaka 2025 ikawa 58, na tangu Januari 2026 ni 63. Treni za kasi, zile za ICE na IC, haziingii humo. Kwa hiyo Berlin hadi Leipzig, ambako ICE inatumia saa moja na robo hivi, wewe utabadilisha treni njiani na kutumia karibu saa tatu. Sawa tu, hukuja Ulaya kuwahi kikao. Tiketi hiyo hiyo inakuvusha hadi Salzburg, ambayo ni Austria. Mambo mawili ya kuangalia: inahesabiwa kwa mwezi wa kalenda, hivyo ukitua tarehe 20 umelipia siku ambazo hukuwepo, na inauzwa kama malipo ya kila mwezi, ukitaka iishe lazima uisitishe kabla ya tarehe 10 ya mwezi huo. Wanaojisahau hukatwa tena wakiwa wameshafika nyumbani.

Kwenye maombi yenyewe sina mengi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudi hata ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Dirisha linafunguka miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15, lakini nafasi za miadi hujaa, hasa kuelekea Juni na Julai, basi wahi. Taarifa ya benki ionyeshe maisha yako ya kawaida: mshahara unaingia, kodi ya nyumba inatoka. Milioni kadhaa zilizotumbukia wiki moja kabla ya maombi zinazua maswali tu. Na usilipie tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla viza haijatoka, hata bei ikikutamanisha vipi.

Ndege za bei chee za ndani ya Ulaya zipigie hesabu yote kabla ya kushangilia. Begi la bure mara nyingi ni lile la sentimita 40 kwa 30 kwa 20, yaani dogo kuliko begi la shule la mtoto wa sekondari. Uwanja wa Beauvais unaitwa wa Paris, ila uko kilomita 80 hivi kutoka mjini, na nauli ya basi inaweza kuikaribia ya ndege. Tena sisi wa pasipoti za nje, baadhi ya mashirika yanataka tupite kaunta wakague viza kabla ya kwenda kwenye ukaguzi wa usalama. Fika mapema.

Hostelini utapewa kitanda cha dabo deka na kabati la kuweka vitu, kufuli unakuja nalo mwenyewe. Chagua yenye jiko, hata kama inazidi euro mbili tatu. Kwenye majiko hayo huwa kuna rafu ya vitu vilivyoachwa na waliotangulia: nusu pakiti ya tambi, chumvi, mafuta, pengine kitunguu. Ongeza nyanya na mayai ya supamaketi, umekula. Ujerumani supamaketi nyingi hufungwa Jumapili, kwa hiyo ununuzi fanya Jumamosi. Chupa ya plastiki ya maji imelipiwa senti 25 za amana. Irudishe kwenye mashine ya dukani, upewe risiti ya kupeleka kwa keshia. Ingawa kusema kweli maji ya bomba yanatosha, jaza chupa yako.

Basi la usiku linakuokolea hela ya kitanda, na mimi nalipanda. Lakini tangu Septemba 2024 Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu, Schengen au si Schengen. Saa nane usiku basi linasimama, taa zinawashwa, polisi wanapita siti hadi siti. Mara nyingine utaona sisi weusi tunaulizwa zaidi kuliko wengine. Inaudhi, ila ukiwa na karatasi zako inaisha kwa dakika mbili. Pasipoti ikae mwilini, kamwe isiwe ndani ya begi lililo kwenye buti. Pamoja nayo weka nakala ya bima na uthibitisho wa hosteli unayoiendea, iliyochapishwa, kwa sababu simu saa hizo huwa imezima chaji.