Jibu kwa ndugu wa Mokowe: anza na wale waliokosekana

Ndugu wa Mokowe, swali lako nimelisoma mara mbili. Umeuliza kama tawi dogo la chama cha wafanyakazi, watu sitini hivi, laweza kufuatilia wabunge wake wanavyopiga kura kwenye mswada, ama ni kujichosha bure. Mie ntakujibu kwa yale tuliyopitia sisi hapa Malindi, tawi la watu wa mahoteli, na sio yote tuliyafanya vizuri, kwa hivo soma hadi chini kabla hujaenda kununua daftari.

Kwanza ujue tulianzaje. Hapa ikifika Mei mahoteli mengi ya ufuoni yanafunga, Waitaliano wamerudi kwao, viti vya bwawani vimepangwa stoo, na sisi tunapewa likizo bila malipo mpaka msimu ufunguke. Sasa mswada wa fedha, ule wa kodi na makato ya serikali, nao kila mwaka ndo wakati wake huo huo, maana mwaka wa serikali unaisha tarehe 30 Juni. Yaani siku ambazo mfukoni huna hata nauli ya tuktuk ndo siku pesa zako za mwaka mzima zinajadiliwa Nairobi. Mwaka 2023 hatukushughulika, kila mtu alikuwa kwenye shamba la babake ama anavua. Tuliporudi kazini mwenzetu mmoja wa jikoni akaja na pesilipu ameikunja mara nne, akaifungua mezani pale tunapokula sisi staff, akaweka kidole kwenye ule mstari wa asilimia 1.5, kato la nyumba za bei nafuu lililokuja na mswada wa fedha wa 2023, akauliza, "Hii nyumba ninayojenga iko wapi? Mie naishi kwa mamangu Maweni." Watu wakacheka. Halafu mmoja akauliza, haya, mbunge wetu alisema ndiyo ama la? Hapo kicheko kikaisha. Tulikuwa watu kama kumi na tano, kila mmoja ana jibu lake na anaapa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na karatasi.

Kwa hivo 2024 tukajipanga. Majina kumi na moja tu: Kilifi ina maeneo bunge 7 na mwakilishi wa wanawake, nyinyi Lamu mna 2 na mwakilishi wenu, tukawaweka kwa sababu nusu ya mabosuni wetu wa boti ni Waamu. Maseneta tukawaacha, mswada wa fedha hauendi Seneti. Lakini wewe umesema mswada wenu wagusa wafanyakazi wa kaunti, basi wenu utapita Seneti pia, na kule mara nyingi kura huwa moja kwa kila kaunti, 47 kwa jumla, anapiga yule kiongozi wa ujumbe wa kaunti, kwa hivo Seneti kazi yenu ni rahisi, mwafuatilia mtu mmoja.

Sasa aibu yetu. Tarehe 25 Juni 2024, Jumanne, mswada ukapigiwa kura ya mwisho, tunaangalia laivu kwenye kibanda cha kahawa, matokeo yakatoka 195 ndiyo, 106 la, 3 zimeharibika. Yaliyotokea nje ya bunge siku hio sote twayajua, sina haja ya kuyarudia. Jioni ikaingia skrinishoti kwenye grupu, orodha ndefu ya majina, nyekundu na kijani, imepangwa vizuri kabisa. Katibu wetu akaichukua hivo hivo, akayatoa majina yetu, akaprinti, ikabandikwa kwenye ubao wa tawi na kutumwa magrupu matatu. Asubuhi yake simu, msaidizi wa mbunge mmoja, anaongea polepole kabisa kama mtu anayejua yuko sawa: mheshimiwa mmemwandika ndiyo na yeye hakupiga ndiyo, aliyepiga ni mwengine wa bara, wamefanana jina la mwisho. Tukaenda kuangalia. Kweli. Aliyetengeneza ile orodha aliwachanganya, na sisi tukaibeba kama ilivyo. Ilibidi tubandue, tuandike barua ya kuomba radhi, tuibandike pale pale, na wallahi ile barua ilisomwa na watu wengi kuliko orodha yenyewe. Mwezi mzima ukisema kitu tawini mtu anakuuliza "umeangalia ama ni skrinishoti?"

Tangu siku hio sheria yetu ni moja, hakuna jina linaandikwa kwa wino mpaka liwe limeonekana kwenye Hansadi, ile rekodi rasmi ya yote yanayosemwa bungeni. Hansadi iko kwenye tovuti ya bunge, bure, ni pdf ndefu ya Kiingereza lakini usiogope, ukifika mahali kura imepigwa majina yamepangwa, waliosema ndiyo chini yao waliosema la. Haitoki saa hio hio, mtangoja, na kungoja ndo kazi yenyewe. Magrupu yatakuwa yanapiga kelele na nyinyi mmenyamaza, wacha watu waseme mmelala.

Lakini kuna jambo Hansadi haitakupa. Mara nyingi bungeni hakuna majina kabisa. Spika anauliza wanaosema ndiyo, wanapiga kelele, wanaosema la, wanapiga kelele, anasikiliza halafu anasema walioshinda ni hawa. Basi. Majina hupatikana kura ikiitishwa rasmi mmoja mmoja, kengele zinapigwa, milango inafungwa, kila mtu anahesabiwa. Kwa hivo usije ukawaahidi wanachama wako kila kipengele kitakuwa na majina, utaumbuka. Na mambo mengi makubwa huamuliwa kule katikati kwenye kamati ya bunge zima, wakipitia kipengele kimoja kimoja, kabla ya kura ya mwisho. Lile kato la nyumba la 2023 liliingia asilimia 3 likatoka 1.5. Sasa mtu aliyepiga ndiyo mwisho atakuja kwenu kwenye matanga aseme mimi ndo niliwapunguzia. Pengine ni kweli! Mwulize ni marekebisho ya nani, na alisimama kuongea siku gani, hilo utalipata kwa Hansadi maana hotuba zote zimo.

Na sasa lile nililotaka kukwambia tangu mwanzo. Kila mtu huangalia safu mbili, ndiyo na la. Sisi tuna tatu, na ya tatu inaitwa HAYUKO, na ndo imetufunza zaidi. Chukua zile kura mbili za 2024. Alhamisi tarehe 20 Juni, kusomwa mara ya pili, 204 ndiyo na 115 la. Jumanne yake 195 na 106. Toa hesabu: ndiyo zimepungua 9, na la zimepungua 9 pia. Tulipoona hivo tukadhani tumekosea, tukarudia kwa kalkuleta ya mhasibu wa hoteli. Bunge lina wabunge 349 ukimtoa Spika, na siku ya mwisho waliohesabiwa ni 304 pamoja na zile zilizoharibika. Zaidi ya arobaini, siku nchi nzima inaangalia, hawamo. Mtu akipiga ndiyo nikamkasirikia, angalau amenionyesha uso wake. Huyu wa kukosekana akija kwa wafanyakazi anasema mimi sikuunga mkono ule mswada, akienda kwa wakubwa wake anasema mimi sikuupinga, na kote kote hakudanganya.

Tahadhari lakini, hayuko sio lazima ni mjanja. Wapo waliokuwa wagonjwa, wapo waliotumwa safari ya kamati. Ndo maana pembeni tukaongeza nafasi ya sababu, na tunamwandikia barua kabla hatujabandika, siku saba za kujibu. Mmoja wa Pwani, jina silitaji, alikuja kwenye harambee huku kwetu, mama mmoja wa usafi wa vyumba akasimama na karatasi yetu mkononi, hakupiga kelele, akasema tu, "Mheshimiwa, hapa pako wazi, tuandike nini?" Yule bwana akaitazama ile karatasi, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna jibu huko, akasema atatuma msaidizi. Msaidizi hajaja mpaka leo. Nafasi yake imeandikwa "aliulizwa, hakujibu", na tarehe.

Umeuliza pia kuhusu kuwapa maksi kama Wamarekani. Kweli kule AFL-CIO, lile shirikisho lao kubwa la vyama vya wafanyakazi, humpa kila mbunge asilimia yake, ya mwaka na ya tangu aingie bungeni, kutokana na kura walizochagua wao. Sisi tulijaribu tukaacha. Ukiwa na kura mbili tatu zenye majina kwa mwaka, asilimia 50 maana yake nini? Mtu anabishana na maksi anaacha kubishana na kura. Andika alichofanya, tarehe, na mwanachama ahesabu mwenyewe. Na mambo ya huyu mchagueni huyu msimchague msiyaguse, kwetu wanachama ni wa vyama vyote na mkianza hivo tawi litagawanyika kabla mswada haujasomwa mara ya pili.

Gharama yetu yote ilikuwa bando, karatasi na wino, na watu wawili wenye subira ya kusoma Kiingereza cha bunge. Mmoja wetu ni mlinzi wa usiku, anasoma akiwa zamu, yeye ndo bingwa. Nyinyi tafuteni mtu kama huyo kwanza, halafu mmoja wenu awe anafungua ile ratiba ya bunge kwenye tovuti kila Jumanne asubuhi aone kama mswada wenu umo, maana kikao cha Jumanne huanza alasiri, kwa hivo mna saa chache za kumpigia simu mbunge na kumuuliza, utakuwepo? Akisema nitakuwepo, andika na hilo pia.